Mwaka Niliomchunguza Papa Ramazani

Siku ya tatu ya kilio cha Papa Ramazani nilikuwa nimeketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba yao, kule mtaa wa Kabondo, sahani ya wali na maharage ikiwa mapajani, nikasikia wanawake wawili nyuma yangu wakinizungumzia. Mmoja aliuliza, "Ule mama ya miwani ni wa familia?" Mwenzake akajibu kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Apana. Ni yeye alimufukuzisha Papa kazi kule opitali. Kisha wakatumika kazi pamoja miaka yote. Mimi sijuwe namna gani walifanyaka." Yule wa kwanza akasema, "Na anakula hapa." Sikugeuka. Nilimaliza chakula changu polepole, maana kuacha sahani katikati kungekuwa kukiri zaidi ya walichosema. Na walichosema kilikuwa kweli tupu, ila kilikuwa kifupi mno.

Mimi ni fundi wa vyombo vya mwanga. Hadubini za vituo vya afya kutoka Isangi hadi Bafwasende hupitia mikononi mwangu, pamoja na darubini za wapima ardhi, na siku hizi hata nyuzi za kioo zinazobeba maneno ya simu, ambazo vijana huniita kuziunganisha zinapokatika. Kila mwaka wanafunzi wa fizikia hunijia na swali lilelile: Mama Véro, optiki, hii elimu ya mwanga, inampeleka mtu wapi? Huwaambia kwamba inampeleka mbali. Kuna wanaobuni lenzi kwa hesabu kabla kioo hakijaguswa, kuna wanaokata chuma kwa mwali wa mwanga, kuna wanaopima macho ya watu. Bolaya, niliyesoma naye, yuko Ulaya miaka karibu ishirini akizipaka lenzi utando mwembamba wa kuzuia mng'ao, na alinipigia simu asubuhi ya mazishi akilia kama mtoto. Haya yote huwaambia kwa furaha. Mwaka nilioingia katika kazi hii siwaambii. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, macho yangu yakiwa makali kuliko yatakavyokuwa tena, na sikuona lililokuwa mbele yangu, kwa kuwa nilikwisha kuamua mwizi ni nani.

Profesa Lokuli, aliyetufundisha optiki chuoni, ndiye aliyetupeleka mimi na Bolaya kufanya staji, mafunzo ya kazi, katika karakana ya hospitali moja ya mjini. Alituita ofisini kwake, chumba chenye joto na harufu ya vitabu vilivyopata unyevu, akatuambia kwamba kuna nafasi moja ya kwenda kusomea uhandisi wa optiki ng'ambo. Moja tu. "Sitaangalia alama peke yake," alisema. "Nitaangalia mikono. Nitaangalia pia mutu ni wa namna gani." Tulipotoka, Bolaya alinishika bega akacheka, akasema yeyote atakayekwenda atamvuta mwenzake. Nikacheka nami. Tangu siku ile hatukuazimana tena daftari.

Karakana ilikuwa zamani stoo ya mashuka. Ilikuwa na meza mbili, dirisha lenye wavu, na mlango wa chumba cha ndani uliofungwa kwa kufuli, ufunguo wake ukining'inia shingoni mwa Papa Ramazani kwa kamba ya pamba. Alikuwa mtu mfupi, wa zile familia za Kiislamu za zamani ambazo Kiswahili chao mjini kwetu husikika kimenyooka kidogo kuliko chetu. Kofia yake ilikuwa safi daima. Alinawa mikono mara tatu kabla ya kugusa lenzi, akaikausha kwa kitambaa ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukishika. Hakuwahi kusoma chuo. Alijifunza kwa fundi mmoja aliyekuwa akirekebisha kamera na saa, na vidole vyake vilijua mambo ambayo sisi tuliyajua kwa herufi za Kigiriki tu. Siku ya kwanza alitupa viti, akasema, "Muangalie. Musiguse." Wiki tatu zikapita tukiangalia. Alifungua hadubini za hospitali, akatoa kuvu iliyotambaa juu ya kioo kama utando wa buibui, maana unyevu wa kwetu hula lenzi kama mchwa wanavyokula mbao. Akazifunga, akazijaribu mwenyewe, akazirudisha maabara. Lakini kila siku, mchana, alichukua kitu fulani mkononi, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango nyuma yake. Tulisikia kufuli ikigeuzwa kwa ndani.

Saa ya chakula tulikula ukumbini na Mama Angélique, mkubwa wa maabara, mwanamke mnene mwenye huruma aliyekuja na lituma yake ya ndizi za kupondwa na samaki wa liboke, aliyeokwa ndani ya majani, akatulazimisha kula hata tuliposema tumeshiba. Papa Ramazani hakula nasi. Alikunywa chai yake na mikate mezani pake, akitugeuzia mgongo. "Ule muzee anaficha kitu," Bolaya aliniambia siku moja, akitoa miiba ya samaki mdomoni. "Fundi ya kweli anafungaka mulango juu ya nini?" Mama Angélique alimkemea, akasema Ramazani ni mtu wa sala. Lakini alisema hivyo akiitazama sahani yake, na mimi nililiona hilo, nikaliweka akilini kama ushahidi. Mwaka ule kila kitu kilikuwa ushahidi.

Mvua zilipoanza, hadubini ya kifua kikuu ikaanza kuleta maneno. Ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa kuliko zote. Makohozi ya mgonjwa hupakwa kwenye kigae chembamba cha kioo, hutiwa rangi, na msomaji hutafuta vijiti vyekundu, vidogo mno, juu ya uwanja wa buluu. Lenzi inayotumika hapo huletwa karibu kabisa na kigae, na katikati huwekwa tone la mafuta maalumu, ili mwanga usipinde njiani na kupotea. Mama Angélique alisema picha imekuwa na ukungu. Papa Ramazani akaichukua, akaisafisha, akatuita tuangalie: ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Ikarudi maabara. Kesho yake ukungu. Ikaletwa tena, ikawa safi tena, ikarudi, ukungu tena. Mara ya nne nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa maabara nikingoja kutia sahihi, nikawasikia Mama Angélique na daktari mkuu ndani.

"Docteur, kwa Ramazani inaona," Mama Angélique alisema. "Ikifika hapa, inakuwa kipofu. Mimi sijuwe tena nifanye nini."

"Donc kuko mutu anafanya kitu kati ya atelie na labo," daktari akajibu, akimaanisha karakana yetu na maabara. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kukata shauri kabla ya kikombe chake cha kahawa kupoa. "Na kati ya atelie na labo, kuko nani?"

Sikungoja jibu la Mama Angélique. Nilirudi karakana moyo ukinienda mbio, na sitadanganya: haikuwa hofu. Ilikuwa furaha. Niliona nimepewa fumbo, na kwamba atakayelifumbua Profesa atamjua ni mtu wa namna gani.

Kila lenzi ya namna ile ina namba iliyochorwa ubavuni kwa herufi ndogo. Nikaanza kuzinakili kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu, Papa Ramazani anapotoka kwenda kutawadha. Bolaya sikumwambia. Nilijiambia ni kwa sababu ya mdomo wake mwepesi, lakini nilijua ni kwa sababu ya ile nafasi. Wiki moja baadaye nikapata nilichotaka. Hadubini ya kifua kikuu ilipotoka tena mikononi mwa mzee, lenzi yake kubwa haikuwa na namba ile ya awali. Ilikuwa lenzi nyingine. Jumatano ya wiki ile alikuja mwanamume mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, mtu wa nyumba mojawapo ya wanunuzi wa almasi, akaulizia "ile lenzi yangu". Papa Ramazani alimwingiza chumba cha ndani, mlango ukafungwa, na yule mtu alipotoka alikuwa anaingiza kitu mfukoni. Sikuhitaji zaidi. Lenzi nzuri zinauzwa kwa watu wa almasi, nikajiambia, na hospitali inarudishiwa mbovu. Yote yaliingiana vizuri kama kifuniko na sufuria yake. Leo, mtu akiniletea maelezo yanayoingiana vizuri namna hiyo, humwambia aende akalale, arudi kesho.

Nilikwenda kwa daktari. Alinisikiliza akiwa amesimama, akatazama namba zangu, akasema, "Andika." Niliandika ukurasa mmoja kwa Kifaransa, Kifaransa kizuri, chenye maneno kama "substitution" na "à plusieurs reprises", yaani amebadilisha, tena mara kadhaa, nikatia sahihi. Asubuhi iliyofuata daktari aliingia karakana na mlinzi, karatasi yangu mkononi. Papa Ramazani alikuwa na bisibisi mkononi. Daktari alimwambia aache kila kitu, atoe ufunguo, aende nyumbani hadi aitwe. Mzee aliiweka bisibisi mahali pake, akavua kamba shingoni kwa uangalifu ili isiangushe kofia.

"Nani aliandika?" aliuliza.

"Hiyo haikuangalie."

Akatutazama mimi na Bolaya, mmoja baada ya mwingine, bila hasira yoyote niliyoweza kuiona. Kisha akanigeukia mimi. "Balbu ya ndani ya kabati, usizime," alisema, akatoka.

Chumba cha ndani tulikifungua mbele ya daktari. Kilikuwa na mkeka wa sala, chupa ya chai, na kabati la mbao ambamo balbu ndogo ilikuwa ikiwaka mchana kutwa. Ndani yake, katika joto la balbu lililokausha unyevu, vioo vilikuwa vimepangwa kwenye vitambaa, kila kimoja na karatasi yake: lenzi za maabara ya watoto, miche midogo ya kioo, au prisma, kutoka vyombo vya wapima ardhi, hata miwani ya askofu mmoja, na karatasi moja bila kioo: "Lenzi ya mtu wa almasi, amechukua Jumatano." Lenzi ile niliyoitafuta ilikuwepo pia, yenye namba yangu, na karatasi yake ilisema kwa mwandiko wa kupanda na kushuka: "Imekwaruzwa. Nimeweka ya mikroskopi ya tatu, ni nzuri zaidi." Nilisoma nikarudia kusoma. Daktari alisema mtu anaweza kuandika chochote. Nami nikaafiki, tena haraka. Mtu akishamshuku mwenzake, hata utetezi wake humfanya aonekane mjanja. Bolaya alichukua kitambaa cha mzee, kile kisichoguswa, akakikunja, akakirudisha.

Wiki tatu zilizofuata nilikuwa bwana mkubwa wa karakana. Balbu sikuizima. Sijui kwa nini. Labda sehemu fulani yangu ilikuwa na akili kuliko iliyobaki. Katikati ya wiki hizo Profesa Lokuli alibandika karatasi chuoni: nafasi ilikuwa ya Bolaya. Nilimpongeza mbele ya watu. Nyumbani nililala kifudifudi nikijiuliza nimekosa nini, mimi niliyeokoa hospitali. Kila aliyenisalimia siku zile nilimtilia shaka kwamba anajua kitu. Na hadubini ya kifua kikuu, bila Papa Ramazani, bila chumba cha kufungwa, bila mtu wa almasi, iliendelea kuwa na ukungu.

Ndipo Profesa akaja mwenyewe, na lenzi ya maabara ya chuo aliyoitunza miaka mingi ndani ya kiboksi chake, haijawahi kuazimwa. Akanipa mimi niifunge. Niliifunga mbele ya Mama Angélique, mikono yangu na macho ya watu watatu. Hakuna aliyeweza kuibadilisha. Mama Angélique akatia tone la mafuta, akashusha lenzi, akaangalia. Akaondoa jicho. "Ni ile ile," alisema. Profesa akaangalia, akakuna kidevu. Sasa hapakuwa na mtu wa kumshuku. Lenzi ilikuwa nzima. Kigae kilikuwa kizima. Kati ya lenzi na kigae kulikuwa na kitu kimoja tu, na nilikuwa nimefaulu mtihani wa optiki kwa kukieleza kitu hicho hicho kurasa mbili nzima.

Nilikwenda chumba cha ndani nikaleta kichupa cha mafuta ya Papa Ramazani, alichotumia kujaribia vyombo kabla ya kuvirudisha. Nikavunja kigae cha kioo, nikapata vipande viwili vyembamba. Kimoja nikakizamisha katika mafuta yake. Kikapotea. Kioo na mafuta yale huupitisha mwanga kwa namna moja, kwa hiyo jicho halioni mpaka kati yao. Niliona kibano changu kimeshika hewa. Cha pili nikakizamisha katika mafuta ya chupa ya maabara. Kingo zake zilionekana zote, wazi kabisa, kama samaki kwenye maji ya kijito. Profesa alivuta pumzi. Sote tukamgeukia Mama Angélique.

"Mama, mafuta hii ilitoka wapi?" nilimwuliza.

Alikaa kwenye kiti, akaweka mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha. "Ya kweli iliisha," alisema. "Niliandika baombe ingine, haikukuya. Ningesema labo haina mafuta, bangefunga kazi yote ya tibi, ya kifua kikuu, na bagonjwa bako inje banangoja. Nikaweka ya kupikia. Nilichuja vizuri. Niliona kama inaenda."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza."

Mvua ya kwanza ilikuwa zaidi ya miezi miwili nyuma. Nilifikiri juu ya wale wote waliokuwa wamekaa kwenye benchi ya nje katika miezi hiyo, wakikohoa ndani ya vitambaa, wakaambiwa hawana kitu, wakarudi kulala chumba kimoja na watoto wao. Mimi nilikuwa nikipita mbele ya benchi ile kila siku, daftari la namba kifuani. Kama ningeshuka siku moja tu na chombo hadi maabara, nikaangalia nacho pale pale kinapotumika, ningejua katika saa moja. Lakini sikuwa nikichunguza chombo. Nilikuwa nikimchunguza mzee.

Daktari, aliposikia, aliiacha kahawa yake ipoe mezani. Kisha akaniambia niende nimwite Papa Ramazani. Nilipanda toleka hadi Kabondo, na mwendesha baiskeli alipiga soga njia nzima bila mimi kusikia neno. Mzee alikuwa barazani akinyoosha fremu ya miwani ya mtu. Mkewe aliniletea kiti, na maji ya kunywa, akiwa hajui mimi ni nani. Sikukaa.

"Papa," nilisema, "ni mimi niliandika ile barua."

"Najua," alisema. "Docteur alikuwa ameishika mkononi. Mwandiko wako nauona kila siku kwenye daftari."

"Haikuwa lenzi. Ni mafuta. Mama Angélique aliweka ya kupikia. Nimekuja kuomba musamaha."

Aliweka miwani chini. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Badala yake aliuliza, "Vile vigae vya bagonjwa, wamevitunza?"

"Viko kwenye maboksi. Vyote."

"Basi kazi kwanza, musamaha tutaongea nyuma," alisema, na akamwambia mkewe amletee viatu.

Tulisoma vigae vile siku nne, mimi, yeye na Mama Angélique, kwa zamu, jicho likichoka tunabadilishana. Hatukuongea ila namba za vigae. Mchana Mama Angélique alileta chakula, na kwa mara ya kwanza Papa Ramazani alikula nasi, ingawa alikula haraka. Kwa mafuta ya kichupa chake, vile vijiti vyekundu vilijitokeza pale ambapo kitabu cha maabara kiliandika hakuna. Tulikuta saba. Wanne walikuwa wa mjini, wakapatikana upesi. Wa tano, mwanamke wa Mangobo, tulifika tukakuta kilio. Tukakaa na wafiwa, tukawapeleka watoto wake kupimwa, na jina lake sitaliandika hapa. Wa sita alikuwa ametoka Yahuma, akarudi kwao. Tulituma ujumbe kwa mashua ya mtoni, na hakuna jibu lililokuja. Wa saba alikuwa ng'ambo ya mto, Lubunga, mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye reli, jina lake Papa Likuta.

Tulivuka kwa mtumbwi, mimi na Papa Ramazani. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na mpiga kasia alikuwa akipigana na mkondo hata hakutusikiliza. Tulipofika katikati, Papa Ramazani alianza kuongea akitazama maji.

"Véro, ile nafasi ya Ulaya. Unajua kwa nini haukuipata?"

"Bolaya alikuwa na alama mingi," nilisema.

"Hapana. Ni mimi. Nilikwenda kwa Profesa mbele ya wewe kuandika barua yako. Nilimwambia, yule binti usimtume." Alishika ubao wa mtumbwi kwa mikono miwili. "Wiki ile muliingia, prisma ya teodoliti, ile ya wapima ardhi, ilipotea. Ndogo kama jino. Ilikuwa mezani pako. Nilisema ni wewe. Ni kwa sababu hiyo nilianza kufunga mulango na ndani."

Muda wote ule nilikuwa nimejiona mimi ndiye jicho, kumbe nami nilikuwa chini ya lenzi. Nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira hiyo, nikakuta haina pa kusimama.

"Sikuichukua, Papa."

"Sasa nakuamini."

"Namna gani? Haujaipata."

"Sijaipata," alisema. "Nakuamini, njo vile."

Ile prisma haijaonekana mpaka leo. Kuna siku Bolaya hunisimulia kwa simu jinsi alivyoanza kupenda vioo, na swali hunifika ulimini, nami hulimeza. Nilishamshuku mtu mmoja kwa ushahidi mzuri kuliko huo.

Nyumba ya Papa Likuta ilikuwa karibu na reli, ya matofali, yenye mlango uliopakwa rangi ya kijani. Alitoka akiwa amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali, na mifupa ya mabega yake ilionekana kupitia koti hilo. Tulimweleza. Alitusikiliza hadi mwisho, akakohoa, akajifuta.

"Mwezi uliopita mulisema niko muzima," alisema. "Mukaandika na karatasi, mukapiga na kachet, muhuri yenu. Leo munavuka mto kusema niko mugonjwa. Nyinyi ni ba nani? Munauza dawa?"

Papa Ramazani alinitazama mimi, na nikaelewa kwamba jibu hilo ni langu. Nilikuwa na maneno mengi, ya mwanga unavyopinda, ya mafuta na kioo. Yote niliyaacha. "Papa, usituamini," nilimwambia. "Kuja uone na jicho yako."

Alikuja kesho yake, peke yake, amevaa koti lile lile. Tulimweka kwenye kiti cha Mama Angélique, nikamwonyesha pa kuweka jicho na jinsi ya kugeuza kirungu cha kusogeza lenzi taratibu. Ilimchukua muda. Mwanzoni aliona kope zake tu. Kisha bega lake likatulia.

"Hizi nyekundu?"

"Hizo."

"Zilikuwa humu hata ile siku munanirudisha nyumba?"

"Zilikuwa," nilisema.

"Na nani hakuziona?"

Mama Angélique alifungua mdomo, lakini Papa Ramazani alimtangulia. "Sisi batatu," alisema.

Papa Likuta alitutazama mmoja mmoja. Nilidhani atainuka aondoke. Badala yake alisogeza kiti karibu zaidi na meza. "Sasa munionyeshe ya mutu muzima," alisema. "Kama hizi nyekundu ziko kwa kila mutu, nitajua namna gani? Na ifanywe hapa, mbele yangu. Si ya kutoka ndani ya boksi."

Katika miaka mitano ya chuo hakuna aliyekuwa ameniuliza swali zuri namna ile. Mama Angélique alichukua kikopo, akatoka nje, akarudi na makohozi yake mwenyewe. Akayapaka kwenye kigae kipya, akakikausha, akamimina rangi nyekundu, akaipasha moto kwa taa ya spiriti hadi mvuke ukapanda, akaosha kwa asidi, akamalizia na buluu. Papa Likuta alifuata kila hatua kwa macho, na mara moja aliuliza maji yale yametoka wapi. Ilichukua karibu nusu saa. Papa Ramazani mwenyewe ndiye aliyetia tone kutoka kichupa chake.

Mzee wa reli akainama. Aliangalia kigae cha Mama Angélique, akaomba chake, akaangalia, akaomba tena kile cha kwanza. Alifanya hivyo mara tatu, bila haraka, akikohoa pembeni ndani ya kitambaa. Kisha akaondoa jicho, akafunga kifungo cha juu cha koti lake.

"Bon," alisema. "Sasa ninawaamini kidogo. Munipe dawa."